Nguo Upande wa Kaskazini

Watu wa kijiji cha Kagehira walikuwa saba, na wote saba walikuwa hai. Inspekta Nakatsuru Fumie alilihakikisha hilo kwa macho yake asubuhi ile, akipanda ngazi za mawe kutoka nyumba hadi nyumba, kwa sababu barabara ya gari iliishia chini penye daraja. Alibisha, akaitikiwa, akasalimia, akaenda nyumba nyingine. Katikati alipita nyumba nyingi ambazo hazikuhitaji kubishwa. Paa zilikuwa zimeingia ndani na mianzi ilikuwa imeota jikoni.

Sasa alikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Iwane Sakuji, akitazama kimono ya mwanamume iliyotundikwa kwenye ufito chini ya upenu. Ilikuwa upande wa kaskazini, mahali ambapo jua la Novemba halifiki hata adhuhuri. Akaishika pindo. Ilikuwa imelowa chapachapa. Bondeni kote mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi, na majani chini ya viatu vyake yalikuwa yakivunjika kwa ukavu.

Mtu wa milimani haaniki nguo yake kaskazini. Nguo ya kaskazini ni ya marehemu. Hutundikwa kivulini na kumwagiwa maji kila siku isikauke, ili mwenyewe apate baridi njiani kwenda ahera, mpaka siku zake zitimie. Fumie alipokuwa mtoto, bibi yake alimchapa mkono aliposahau na kuanika soksi upande huo.

Konstebo aliyetumwa mwanzo alikuwa mtu wa pwani. Aliandika kwamba nguo imeanikwa, mwenye nyumba yuko salama, hakuna tatizo. Aliyepiga simu kituoni alikuwa Bi Hatta Toku, jirani wa nyumba ya chini. Alikuwa amesema maneno machache: "Kwa Iwane kuna mtu amekufa." Alipoulizwa ni nani, alikata simu.

Jambo hilo lingeweza kuachwa kama hisia za wazee, lakini mwezi ule ule mchuma uyoga kutoka mjini, bwana mmoja aitwaye Usami, alikuwa amepotea katika msitu wa juu. Gari lake lilionekana ng'ambo ya mgongo wa mlima. Mtu pekee aliyekuwa bado anatega mitego ya waya ya nguruwe mwitu kwenye mgongo ule alikuwa Mzee Sakuji. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaunganisha mambo yale matatu: mzee mwenye mitego, mtu aliyepotea, na nguo ya marehemu inayomwagiwa maji. Alikuwa ameagiza mbwa wa kunusa na watu wa kuchimba, wapande kesho. Kama alikuwa sahihi, mzee wa miaka themanini na moja angemalizia maisha yake gerezani. Fumie alimwomba ampe siku hii moja.

Aliiachia pindo, akafuta mkono kwa leso, akateremka kwa Bi Toku.

Bi Toku alikuwa barazani akimenya matunda ya kaki ya kukausha. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kitambaa cheupe kichwani na kisu kilichokwenda chenyewe.

"Karibu, afande. Kaa. Si hapo, hapo pana paka."

Fumie alikaa mahali pengine. Akamiminiwa chai ya kijani na kusogezewa kisahani cha figili ya chumvi.

"Bibi, ulipiga simu kwamba kuna mtu amekufa kwa Mzee Iwane."

"Nilisema nilichokiona."

"Uliona nini?"

"Ulichotoka kukishika sasa hivi. Mkono wako bado una maji. Usinifanye mtoto."

"Ni nani aliyekufa?"

"Nitajuaje mimi? Hapa tuko saba. Kila asubuhi tunahesabiana, moshi wa huyu, taa ya yule. Leo tumetimia." Akadondosha ganda ndani ya beseni. "Labda anamlilia jogoo wake."

"Jogoo havai kimono, Bibi."

Bi Toku akamtazama mara ya kwanza vizuri. "Kumbe siku hizi polisi mnajua kutania."

"Kuna mgeni yeyote aliyepita hapa mwezi huu? Mtu wa mjini, mchuma uyoga?"

"Hao hawapiti hapa. Wanapitia ng'ambo, wanaiba uyoga wetu, wanarudi makwao. Akipita mgeni hapa hata mawe yangesema."

Alisema hivyo bila kusita, na Fumie alimwamini. Lakini aliona pia kwamba tangu swali la kwanza Bi Toku hakuwa ameinua macho kutazama nyumba ya Sakuji hata mara moja, ingawa alikuwa amekaa akiielekea.

Chini penye daraja palisikika wimbo wa watoto kutoka kwenye kipaza sauti. Lilikuwa gari la duka. Bi Toku akajifuta mikono.

"Kanunulie paka wangu dagaa, afande, kama unateremka. Magoti yangu leo yamegoma."

Mwenye gari la duka, Bwana Hamaji, alikuwa mtu mnene aliyeonekana kama amekaa peke yake muda mrefu akitafuta mtu wa kuongea naye. Ubavu wa gari ulikuwa umefunguliwa, ndani mna mayai, mkate, samaki, betri na dawa za mgongo.

"Zamani marehemu baba yangu akifika hapa alikuwa anapangiwa foleni mpaka ng'ambo ya daraja," alisema akipima dagaa. "Siku hizi foleni ni Bi Toku na paka wake. Na paka ndiye mwenye haraka."

"Mzee Iwane anakuja kununua?"

"Sakuji? Mteja wangu mkubwa huyo. Tangu kiangazi mambo yake yamebadilika." Akainama karibu, ingawa hakukuwa na wa kuwasikia. "Alianza kuchukua uji wa pakiti, tofu laini, vitu vya kumeza tu. Nikadhani meno yameaga. Lakini siku hiyo hiyo ananunua ngisi mkavu, anamtafuna hapa hapa mbele yangu, kama mbwa wa miaka miwili."

"Ulimuuliza?"

"Nilimtania. Alinuna. Sasa sikia hii. Wiki iliyopita akaacha kununua uji. Akataka barafu. Barafu yangu yote ya samaki! Mwezi huu wa baridi! Nikamwambia, Mzee, si ufungue dirisha tu? Akasema kanasa nguruwe mkubwa, nyama isije ikaharibika."

"Aliibebaje mpaka juu?"

"Kwa mgongo. Mizunguko mingi. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza kama mwizi."

Fumie alilipa dagaa. Barafu, nyama, mtego. Mkuu wa kituo angefurahi kusikia maneno yale kwa mpangilio ule. Kwa sababu hiyo hasa Fumie hakumpigia simu. Kisa kilichokaa vizuri mapema alipenda kukigeuza kwanza, aone upande wa pili una nini.

Mwenyekiti wa kijiji, Oribe Shozo, alikuwa juu ya paa la ukumbi akipigilia bati. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

"Shuka, Mwenyekiti, utaanguka!"

"Nani mwingine apande? Hapa mimi ndiye kijana," alijibu kutoka juu. "Ngoja nimalize msumari huu. Bi Toku akiona paa linavuja ananiita mtoto mvivu mbele za watu. Mbele za watu gani, hata sijui."

Aliposhuka, Fumie alimpa nafasi avute pumzi.

"Mara ya mwisho mmekula nguruwe mwitu lini?"

"Swali gani hilo? Tangu mwaka jana. Nguruwe wenyewe wametuzidi akili."

"Mzee Iwane hakunasa wiki hii?"

"Sakuji?" Shozo akacheka. "Angenasa, sufuria yangu ingekuwa na kipande. Hapa mtu akipata nyama, kila nyumba inapata fungu lake kabla jua halijazama. Hata uliyegombana naye. Hata asiye na meno. Ukila nguruwe peke yako Kagehira, hutalala. Sisi wenyewe tutakuja kukuamsha."

"Kwa hiyo hakunasa."

"Hakunasa." Kicheko kikamwisha usoni. "Kwa nini, afande? Amesema amenasa?"

Fumie alimwinamia. Alimshukuru, akapanda tena ngazi polepole, akihesabu alichonacho. Hapakuwa na nguruwe. Barafu ilikuwepo. Barafu ile ilikuwa ndani ya ghala la udongo lililo ubavuni mwa nyumba ya Sakuji, kwa sababu nyumba yenyewe alikuwa ameiona asubuhi, ina moto wa makaa mchana kutwa. Angeweza kwenda kulifungua ghala sasa hivi. Lakini kufungua kungemwambia ni nani aliyemo, kusingemwambia kwa nini. Na ile nguo bado haikukubali kukaa pamoja na mtego wa waya. Mtu aliyeua bahati mbaya na kuogopa hufukia, hunyamaza, hukwepa. Hatoki kila siku kumpoza marehemu mbele ya jirani anayeona.

Alirudi nyuma ya nyumba na kuitazama kimono upya, safari hii kitambaa chenyewe. Ilikuwa ya kufumwa nyumbani, bluu ya nili, na katika kila mstari uzi mweupe ulikuwa umeruka mahali pamoja, kosa la mkono wa mfumaji mmoja. Alikuwa ameinama kutazama uzi huo aliposikia ndoo.

Mzee Sakuji alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kata ya maji mkononi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye nyonga mbovu iliyomfanya asimame upande. Juu ya nguo zake za shamba alivaa koti kuukuu lenye pamba ndani. Lilikuwa bluu ya nili. Uzi mweupe uliruka mahali pale pale.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Unafanya nini?"

"Naosha vumbi." Alipita mbele yake, akachota, akamwaga juu ya bega la nguo, taratibu, kama anayemwogesha mtu. Akachota tena. Hakuficha, wala hakueleza. Alipomaliza aliinamisha kichwa kidogo na kuondoka na ndoo yake.

Mama wa nyumba ile alifuma kitambaa kimoja akakata nguo mbili. Hakuna mtu ambaye angemvika mchuma uyoga wa mjini kazi ya mkono wa mama yake.

Fumie akasimama pale mpaka maji yakaacha kudondoka. Kagehira walihesabiana kila asubuhi, na walikuwa hodari kwa hesabu hiyo. Wakati mmoja walikuwa mia mbili, wakawa hamsini, wakawa ishirini, wakawa saba. Kwa miaka arobaini hesabu yao ilikuwa ikishuka tu, na kila walipohesabu waliangalia nani hayupo. Haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba huenda mmoja ameongezeka.

Alimpelekea Bi Toku dagaa wake. Paka alitoka kabla ya mwenye paka.

"Bibi," alisema, akikaa pale pale alipokaa asubuhi, "Mzee Iwane alikuwa na ndugu?"

Kisu kikasimama.

Bi Toku aliliweka tunda chini likiwa nusu limemenywa. "Jina hilo halijatajwa kijijini hapa tangu kiwanda kiungue."

"Lipi?"

"Matao. Mdogo wake." Alilitoa kama mtu anayetema kokwa. "Hapa palikuwa na kiwanda cha mbao. Watu wote walikula kwa mbao. Usiku ule zamu ilikuwa ya Matao. Alikunywa, akawasha jiko, akalala. Mume wangu Genpei aliingia kuokoa mashine. Mashine yenyewe haikuokoka. Genpei naye hakutoka."

Fumie aliinamisha kichwa.

"Tulimtenga Matao kama wazee walivyokuwa wakitenga. Hakuna salamu, hakuna kumwazima jembe, hakuna kumkaribisha chai. Kabla baridi haijaisha akaondoka. Na baada yake wengine wakaanza kuondoka, maana kazi haikuwepo tena. Nimekaa miaka mingi nikisema Matao ndiye aliyeua kijiji hiki." Akaokota tunda lake tena, bila kulimenya. "Halafu nikaona Sasao, kijiji cha jirani, imekwisha. Ikaja Mizunashi, ng'ambo ile, nayo imekwisha, walikuwa na shule na zahanati. Hao nani aliwachomea? Lakini ukishazoea kumchukia mtu, unaona uvivu kuanza upya."

"Ulijua kwamba amerudi?"

"Nilisikia kikohozi. Tangu mpunga haujavunwa. Matao alikohoa vile tangu tukiwa shule, kama mtu anayepasua kuni mbichi. Ningekitambua hata kaburini."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani nini? Kwamba Sakuji anamficha mdogo wake anayekufa? Si kazi yangu. Halafu wiki iliyopita kikohozi kikanyamaza, na nguo ikatoka."

Usami alikuwa amepotea baada ya mavuno. Fumie aliliweka hilo mahali pake. Ilibaki pembe moja tu, na hiyo hakuielewa.

"Kwa nini basi uliita polisi, Bibi? Ulitaka Mzee Sakuji akamatwe?"

"Akamatwe kwa nini?" Bi Toku alichukia kweli. "Niliita kwa sababu hawezi kumbeba peke yake. Na nyonga ile? Kwenye ngazi hizi?"

"Ungemwendea mwenyewe."

"Nimwendee!" Alimtazama Fumie kama vile amesema jambo la aibu. "Mfiwa ndiye anayetoa taarifa, afande. Anakuja mlangoni, anainama, anasema fulani amefariki. Hapo ndipo kijiji kinajua, na kikishajua kinakwenda. Asipokuja, mimi najua nini? Sijui kitu. Nikaingie kwa watu kuuliza mmefiwa? Nani alishafanya ujinga huo?" Akachukua kisu. "Nimemngoja siku zote hizi. Kila jioni nasema leo atakuja. Haji. Anamwaga maji, anaingia ndani. Nikaona basi, aje mtu ambaye kazi yake ni kuuliza."

Mzee Sakuji alikuwa kando ya moto alipomsikia Fumie akivua viatu mlangoni. Fumie alipiga magoti upande wa pili wa makaa. Hakutoa daftari.

"Mzee, barafu imebaki kiasi gani?"

Alisogeza birika juu ya makaa. "Iliisha jana," alisema.

"Nionyeshe."

Ghala lilikuwa na mlango mzito wa udongo na ndani palikuwa baridi kuliko nje. Mtu alilazwa juu ya mkeka, kichwa kaskazini, kitambaa cheupe usoni, kisu kidogo cha kumlinda juu ya kifua. Kijiti cha ubani kilikuwa kinawaka, na majivu ya vingine vingi yalikuwa yamejaa kwenye bakuli. Maji ya barafu yalikuwa yamekingwa kwa masufuria na kupanguswa vizuri.

Fumie aliunganisha viganja na kuinama kwanza. Kisha akavaa glavu. Alifunua uso: mzee, mashavu yaliyobonyea, mvi fupi. Usami alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikagua shingo, viganja, vifundo vya miguu, alama ya waya haikuwepo wala jeraha. Kando ya mto palikuwa na mfuko wa dawa za mapafu wa hospitali ya Kobe. Alifunika uso tena kama alivyoukuta.

"Alikufa lini?"

"Alfajiri moja. Nilikuwa nampasha maziwa. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

"Kwa nini hukutoa taarifa?"

"Nimpe nani?" Sakuji alikuwa amebaki mlangoni, mkono ukutani. "Alikuja kwa miguu kutoka darajani usiku, afande, akipumzika kila ngazi. Akasema, kaka, nikifa nilaze kwa mama. Hakuomba kingine. Lakini makaburi ni ya kijiji. Jiwe la kaburi haliinuliwi na mtu mmoja. Na ngazi zote zinapita mbele ya mlango wa Toku."

"Uliwauliza?"

"Kuuliza ni kuwalazimisha. Wakisema ndiyo, watasema kwa uchungu. Wakikataa, nitaishi nao vipi hawa waliobaki? Nilisema kila siku, kesho. Barafu ikaisha."

"Unajua ni nani aliyepiga simu kituoni?"

"Toku. Anayo haki ya kunishitaki."

"Hakukushitaki. Alisema huwezi kumbeba peke yako."

Mzee Sakuji aligeuza uso nje. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Nitaandika kwamba hukuripoti kifo," Fumie alisema. "Utaitwa mjini na utaulizwa. Hilo siwezi kuliondoa."

"Nitakwenda."

"Daktari lazima amwone kwanza. Wakati tunamngoja, Bi Toku yuko barazani kwake. Amekungoja siku nyingi."

Alitoka ghalani na kupiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya daktari. Ya pili ilikuwa ya mkuu wa kituo, kumwambia mbwa wasiletwe Kagehira, wapelekwe ng'ambo ya mlima walikotakiwa tangu mwanzo. Mkuu alinung'unika. Usami bado hakuwa amepatikana, na kesi yake ilikuwa imerudi pale pale ilipoanzia. Fumie alikubali kwamba ndivyo.

Kisha alisimama juu ya ngazi na kutazama.

Mzee Sakuji aliteremka akiwa amevua kofia. Mbele ya baraza la Bi Toku alipiga magoti juu ya changarawe, nyonga na yote, akainama mpaka paji la uso likagusa mawe.

"Mdogo wangu Matao amefariki. Nimekuja kutoa taarifa."

Bi Toku aliweka kisu chini. "Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Inuka, changarawe ina baridi." Sakuji hakuinuka. "Inuka nikuambie! Unadhani wewe peke yako ndiye uliyefundishwa? Mambo ya kijiji ni kumi. Tulipomtenga tulikata manane. Mawili hayakatwi, hata mtu awe mwizi: kuzima moto na mazishi. Ulisahau?"

"Sikusahau. Niliogopa."

"Basi hukunijua." Alijifuta mikono. "Na usielewe vibaya. Sijamsamehe. Kuzika si kusamehe. Nikifika huko mwenyewe nitamwambia Genpei tumemzika, na Genpei akitaka kumpiga ampige." Akageuka kuelekea ukumbi. "Shozo! Teremka huko juu! Tumefiwa!"

Nyundo ikanyamaza.

Daktari alipanda mchana, akachukua muda wake, akasema ni mapafu. Gari la maiti la mjini lilifika darajani na jeneza jepesi la mbao, lakini dereva alitazama ngazi, akatazama mgongo wake, akasema mkataba wake unaishia penye lami. Matao alipaswa kuteremshwa. Mjini angechomwa, na majivu yangerudi juu kuwekwa kwa mama yake. Shozo alikuwa ameshakwenda na nondo kulilegeza jiwe.

Alipokuja ghalani na jeneza tupu mgongoni alikuwa na Bwana Kuki, mzee wa nyumba ya mwisho, aliyeiacha fimbo yake mlangoni. Bi Toku alikuwa tayari amefunga mikono ya nguo yake kwa kamba. Walimlaza Matao ndani, wakasimama wakilizunguka jeneza. Mzee Sakuji alisogea.

"Kaa nyuma," alisema Bi Toku. "Mfiwa habebi. Unataka watu watucheke?"

Shozo alitazama huku na huku. Waliobaki kijijini, wawili hawakuwa wakitoka kitandani na mmoja alikuwa haoni.

"Tuko watatu," alisema taratibu. "Jeneza lina pembe nne."

Upepo ulipita kwenye mierezi. Bi Toku alimgeukia Fumie, akamkagua kutoka mabegani mpaka kwenye viatu, kama anayechagua figili sokoni.

"Na wewe, afande. Mgongo wako mzima?"

"Bibi, mimi ni polisi. Niko kazini."

"Nimekuuliza mgongo. Sijakuuliza kazi."

Fumie alivua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya mawe. Alichukua pembe ya mbele kushoto, kwa sababu katika kuteremka uzito huja mbele, na upande wa kulia wa mbele alikuwa Shozo, kijana wao.

"Pamoja," alisema Shozo.

Wakainua. Ngazi ya kwanza ilikuwa imelegea, wakaikanyaga kwa uangalifu, kisha ya pili. Nyuma yao Mzee Sakuji alikuwa akija na kijiti cha ubani, akikikinga na upepo kwa kiganja.

"Mwepesi hivi," Bi Toku alisema, akihema. "Matao alikuwa mtu mzito."

Walipofika mbele ya mlango wake yeye hakugeuza kichwa. Aliwaambia tu washike kulia, pale ngazi ilipo pana zaidi.